Sekunde Saba na Nusu

Alasiri ya tarehe 15 Julai 1976, basi la shule lilikuwa likiwarudisha watoto nyumbani katika mji mdogo wa Chowchilla, jimbo la California, Marekani. Lilibeba watoto 26 waliokuwa wametoka kuogelea, pamoja na dereva wao. Njiani walikuta gari limeziba barabara. Dereva alipopunguza mwendo, wanaume watatu wenye bunduki, nyuso zimefunikwa kwa soksi, wakalivamia basi. Wakawahamishia wote kwenye magari mawili ya kubebea mizigo, wakazunguka nao kwa saa zipatazo 11, na usiku wakawateremsha mmoja mmoja kwa ngazi hadi ndani ya bodi la lori lililozikwa kwenye machimbo ya mawe huko Livermore. Kisha wakawafukia. Baada ya saa 16 hivi, dereva na wavulana wakubwa walirundika magodoro yaliyokuwemo, wakapanda juu yake, wakausukuma mfuniko na kuchimba mpaka wakauona mwanga. Wote 27 walitoka wakiwa hai.

Polisi walihitaji namba za yale magari mawili. Dereva aliziona na alijitahidi kuzikariri, lakini baada ya yote yaliyompata hakuweza kuzitaja. Ndipo akaletwa mtaalamu wa hipnosisi, yaani ule usingizi wa kuelekezwa ambamo mtu hulegezwa mwili na akili huku akisikiliza sauti ya anayemwongoza. Akiwa katika hali hiyo dereva alizitaja namba, na za gari moja alizipata zote isipokuwa tarakimu moja tu. Watekaji wakakamatwa na kuhukumiwa.

Sifa za hipnosisi zikaenea katika vituo vya polisi vya Marekani. Huko Los Angeles, mwanasaikolojia wa jeshi la polisi, Martin Reiser, alikuwa akiwafundisha askari kuitumia, na wengi waliomsikiliza waliamini kwamba kila alichokiona mtu kimehifadhiwa kichwani, kinasubiri kufunguliwa tu. Imani hiyo ilileta madhara. Mtu aliye katika hipnosisi huwa mwepesi wa kupokea anachodokezewa, na akiamka huwa na uhakika mkubwa na yale aliyoyasema, ya kweli na ya kubuni kwa pamoja. Wakili wa utetezi akimhoji mahakamani hapati pa kumshika, kwa sababu shahidi mwenyewe hawezi tena kutofautisha alichokiona na alichopandikiziwa. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba shahidi aliyehojiwa kwa hipnosisi asitoe ushahidi kuhusu mambo aliyohojiwa katika hali hiyo. Wapelelezi wa jimbo hilo wakajikuta mikono mitupu.

Pengo hilo ndilo walilolikuta wanasaikolojia wawili, Edward Geiselman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Ronald Fisher, aliyekuja kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, Miami. Ukiitazama hipnosisi kwa makini, unaona ndani yake mambo kadhaa ya kawaida kabisa: shahidi anakaa kwa utulivu, anafumba macho, anarudishwa kwa mawazo mahali pa tukio, hakimbizwi, hakatizwi. Je, kama hayo ndiyo yanayosaidia, na usingizi wenyewe hauna kazi?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilikuwa zito, inabidi turudi nyuma. Wanasaikolojia walikuwa wamewaonya wanasheria kuhusu kumbukumbu kwa miaka zaidi ya 70, na onyo lao karibu lote lilikuwa la upande mmoja: msiwaamini mashahidi. Mjerumani Hugo Münsterberg, aliyefundisha Harvard, alichapisha kitabu chake kuhusu mashahidi mwaka 1908, na mfano mmoja aliutoa nyumbani kwake. Wezi walivunja nyumba yake wakati familia iko pwani kwa mapumziko. Akaenda mahakamani, akala kiapo, akaeleza kwamba wezi walipitia dirisha la chumba cha chini, kwamba saa ya mezani ilikuwa imefungwa kwa karatasi, na kwamba matone ya mshumaa yalionekana ghorofa ya pili. Baadaye akagundua kwamba walivunja mlango wa chumba hicho cha chini, saa ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha meza, na matone yalikuwa darini. Hakuwa na sababu ya kusema uongo, na kazi yake ilikuwa kuchunguza akili za watu. John Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi wa enzi hizo, alimjibu mwaka 1909 kwa makala kali ya kejeli: sayansi unayotutaka tuitumie iko wapi? Wigmore hakukosea kwa hilo. Münsterberg aliwaeleza wanasheria ugonjwa, dawa hakuwa nayo.

Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha kwamba mtu anapokumbuka huijenga upya habari, akijaza mapengo kwa yale anayoyazoea. Na mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wakaonyesha jinsi swali lenyewe linavyoingia katika ujenzi huo. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Wengine waliulizwa kwa neno kali zaidi, yalipobamizana. Hao walikadiria mwendo mkubwa zaidi. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya wanafunzi 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, ni 7. Neno moja la muulizaji lilitosha kuvunja vioo vichwani mwa watu.

Upande wa pili wa sayansi hiyo, unaohusu jinsi ya kuisaidia kumbukumbu, ulikuwa umebaki maabarani na haukuwa umefika polisi. Endel Tulving alikuwa ameeleza mwaka 1973, pamoja na Donald Thomson, kwamba kinachomkumbusha mtu jambo ni kile kilichohifadhiwa pamoja na jambo hilo wakati lilipotokea. Miaka miwili baadaye Duncan Godden na Alan Baddeley waliwachukua wapiga mbizi huko Scotland, wakawapa orodha za maneno ya kukariri, nyingine wakiwa nchi kavu na nyingine wakiwa chini ya maji. Maneno yaliyojifunzwa majini yalikumbukwa vizuri zaidi majini, na ya nchi kavu yakakumbukwa nchi kavu. Jambo hili tunaliishi kila siku: mtu akitoka sebuleni kwenda jikoni akasahau alichokifuata, hurudi alipokuwa ameketi, na hapo hapo hukumbuka.

Geiselman na Fisher waliyakusanya hayo wakatunga maagizo manne ambayo mpelelezi yeyote angeweza kumpa shahidi. La kwanza, jirudishe kwa mawazo mahali pa tukio, pamoja na hali ya hewa, sauti, harufu na yale uliyokuwa ukiyawaza. La pili, sema kila kitu, hata kile unachodhani hakina maana. La tatu, lisimulie tukio kutoka mwisho kurudi mwanzo. La nne, lieleze kama ambavyo mtu mwingine aliyekuwepo angeliona. Walianza kuchapisha matokeo mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakatoa jaribio lililowapa jina. Wanafunzi 89 walionyeshwa filamu za uhalifu ambazo Polisi wa Los Angeles walizitumia kufundishia askari wao. Baada ya saa 48 walihojiwa na wahoji wazoefu wa vyombo vya dola, kundi moja kwa njia ya kawaida ya polisi, la pili kwa hipnosisi, la tatu kwa maagizo manne. Njia ya kawaida ilitoa kwa wastani mambo 29 hivi ya kweli kwa kila shahidi. Hipnosisi ilitoa 38. Maagizo manne yalitoa 41. Makosa hayakutofautiana sana kati ya makundi hayo matatu.

Usingizi, basi, haukuhitajika. Na hata hivyo, kwa maoni yangu, ugunduzi mkubwa wa historia hii ulikuwa bado haujafanyika. Maagizo manne yalikuwa mazuri, lakini yalitungwa na watu waliosoma vitabu vya kumbukumbu. Walichokifanya baadaye ni kwenda kusikiliza mahojiano halisi.

Polisi wa Metro-Dade, eneo la Miami, walikubali kutoa kanda 11 za mahojiano ya mashahidi na waathirika wa uhalifu. Fisher, Geiselman na mwenzao David Raymond wakakaa kuzisikiliza, na mwaka 1987 wakaandika walichokisikia. Katika mahojiano ya wastani, mpelelezi aliuliza maswali matatu tu ya kumwacha shahidi aeleze, na maswali 26 ya majibu mafupi. Na shahidi alipoanza kueleza, mpelelezi alimkatiza baada ya wastani wa sekunde 7.5.

Jaribu kuhesabu sekunde hizo ukiwa umekaa na mtu anayekuhadithia jambo. Hazitoshi hata kufika penye jambo lenyewe. Mfano nitakaoutoa ni wa kubuni, wa mama mwenye duka lililoporwa, ila mwendo wake ni ule uliosikika kwenye kanda.

"Hebu tueleze, mama, ilikuwaje?"

"Nilikuwa nafunga hesabu, nikasikia kengele ya mlango. Nainua kichwa, naona vijana wawili, mmoja kabaki pale mlangoni, mwingine..."

"Huyo aliyekufuata, umri wake?"

"Labda miaka ishirini."

"Urefu?"

"Wa kawaida."

"Amevaa nini?"

"Fulana. Nadhani nyeusi."

"Silaha?"

Mama alikuwa na habari za kijana wa mlangoni. Pengine alimwona vizuri zaidi kuliko mwingine, pengine aliwahi kumwona mtaani. Hakuna atakayejua, kwa sababu hakuulizwa, na baada ya swali la tatu alishajifunza kwamba kazi yake hapa ni kungoja kuulizwa na kujibu kwa ufupi. Angalia pia lile neno "nadhani". Hakuwa na uhakika na rangi, lakini kwenye karatasi ya maelezo itaandikwa fulana nyeusi, na miezi minane baadaye kizimbani wakili atambana kwa rangi hiyo hiyo. Mpelelezi huyu si mtu mbaya. Ana fomu ya kujaza, ana kesi nyingine zinamsubiri, na askari doria wanataka maelezo ya mtuhumiwa sasa hivi.

Kutokana na kanda hizo njia nzima ilipangwa upya. Maagizo manne yalibaki, lakini yalizungukwa na mambo ya mazungumzo: kumtuliza shahidi kwanza, kumkabidhi usukani wa maelezo, kumwacha amalize bila kumkatiza, kunyamaza anaponyamaza, kuuliza kwa kufuata picha iliyo kichwani mwake badala ya mpangilio wa fomu. Ikiwa anamweleza kijana wa mlangoni, maswali yote ya kijana huyo yaulizwe hapo hapo, kabla ya kumhamisha. Mhoji wa namna hii angemwambia mama yule hivi:

"Pole sana mama kwa yaliyokukuta. Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo, kwa hiyo leo wewe ndiye msemaji, mimi kazi yangu kusikiliza. Usingoje nikuulize. Ila kabla hujaanza, jirudishe pale dukani. Ulikuwa umekaa au umesimama? Redio ilikuwa inaimba? Ulikuwa unawaza nini kabla kengele haijalia? Usinijibu bado, ione tu hali ilivyokuwa. Ukishakuwa tayari nieleze yote, hata yale unayoona ni madogo. Usilolijua, sema sijui, wala usikisie."

Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Kinachofuata ndicho kigumu kwa polisi: kukaa kimya.

Walijaribu njia mpya tena huko Miami, safari hii kwa kesi za kweli. Wapelelezi 16 wa kitengo cha ujambazi walirekodi mahojiano yao na watu walioporwa mikoba au maduka. Saba kati yao wakafundishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wale saba walipata habari asilimia 47 zaidi ya walivyopata kabla ya mafunzo, na asilimia 63 zaidi ya wenzao ambao hawakufundishwa. Pale ambapo tukio lilikuwa na shahidi mwingine wa kulinganisha naye, zaidi ya asilimia 90 ya habari hizo zilikubaliana. Mwaka 1992 Fisher na Geiselman waliyaweka yote katika kitabu kimoja cha kufundishia wapelelezi.

Mwaka huo huo Uingereza ilikuwa inakitafuta kitabu kama hicho, kwa sababu za aibu. Watu wanne waliofungwa kwa milipuko ya mabomu ya Guildford waliachiwa mwaka 1989, na sita waliofungwa kwa milipuko ya Birmingham waliachiwa Machi 1991 baada ya miaka 16 gerezani. Hukumu zao zilikuwa zimesimama kwa sehemu kubwa juu ya maungamo waliyoyatoa mikononi mwa polisi. Sheria ya 1984 ilikuwa imeshaleta kurekodi mahojiano ya watuhumiwa, na kanda ziliposikilizwa zilionyesha wahoji wasiojiandaa, wenye majibu yao tayari, wanaouliza maswali ya kutaka kukubaliwa. Polisi wa Uingereza na Wales wakaachana na lengo la kumfanya mtu akiri. Mfumo mpya ulioanza mwaka 1992 na 1993 uliwataka wahoji wajiandae, wajenge maelewano na mhojiwa, wapate maelezo yake, wafunge mahojiano kwa heshima, kisha wapime walichokipata. Kwa shahidi aliye tayari kusema, njia iliyofundishwa ilikuwa hii ya Fisher na Geiselman. Zaidi ya askari 120,000 walipangiwa kozi ya wiki moja.

Wiki moja haikutosha. Uchunguzi uliofanywa miaka michache baadaye ulikuta kwamba katika mahojiano mengi ya mashahidi hapakuwa na dalili kwamba njia hiyo ilitumika. Askari walipoulizwa walisema wazi: inachukua muda, na yale maagizo mawili ya mwisho, kusimulia kinyumenyume na kuona kwa macho ya mwingine, hawayaamini sana. Nakubaliana nao kuhusu hayo mawili. Kumtaka mtu aliyeporwa ajitie katika nafasi ya mwenzake ni kumkaribisha akisie, na kukisia ndiko tunakokukimbia. La kinyumenyume limepata kazi nyingine: Aldert Vrij na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba anayedanganya hutatizika zaidi anapotakiwa kusimulia kutoka mwisho, kwa sababu alikariri kutoka mwanzo. Njia nzima pia ina mipaka. Huongeza makosa kidogo pamoja na mambo ya kweli, ingawa uwiano wa ukweli haupungui. Haimsaidii sana shahidi kumtambua mtu kwenye gwaride la utambulisho. Na kwa asiyetaka kusema haina la kufanya.

Lakini mahakama zetu za Afrika Mashariki zinayahitaji hasa yale inayoyatoa. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema, katika shauri ambalo mawakili wa nchi hiyo hulitaja mpaka leo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na kwamba hakimu lazima ajue shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alikuwa anamfahamu. Mashauri mengi huanguka hapo. Mwanga wa taa ya chemli, umbali kutoka kitandani hadi mlangoni, sauti iliyotambulika kabla ya sura: hayo shahidi anayo, lakini hayamo katika maelezo aliyoandikiwa kituoni na askari aliyemkatiza. Akiyasema kwa mara ya kwanza kizimbani, anaonekana ameyatunga.

Arusha ndiko jambo hili lilikoonekana kwa uzito wake wote. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilianza pale kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mwezi Januari 1997. Mashahidi wengi walikuwa wanakijiji waliopoteza familia zao. Maneno yao ya Kinyarwanda yalifika kwa majaji kupitia Kifaransa na Kiingereza. Waliulizwa tarehe, saa, umbali kwa mita, na kuonyeshwa ramani, vipimo ambavyo wengi hawakuvitumia katika maisha yao. Mtaalamu wa lugha, Mathias Ruzindana, aliieleza mahakama kwamba katika utamaduni wa kusimuliana, habari aliyoiona mtu na aliyoisikia huweza kutolewa kwa namna moja. Majaji walilizingatia hilo, kisha wakaandika walichokishuhudia wenyewe: mashahidi walipoulizwa wazi wazi, walitofautisha bila shida walichokiona na walichokisikia. Tatizo halikuwa kichwani mwao.

Hati ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikuwa na shtaka la ubakaji. Mwezi huo huo wa Januari, mwanamke anayetajwa katika kumbukumbu kama Shahidi J, akiwa anaeleza jinsi alivyokimbia na watoto wake, alisema kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu wa Interahamwe. Hakuna aliyemwuliza hilo. Lilikuwa sehemu ya simulizi yake, nalo likatoka kwa kuwa aliachwa asimulie. Majaji walitaka kujua kama aliwahi kuwaeleza wachunguzi waliomhoji kabla. Alisema hawakumwuliza. Baadaye Shahidi H alisimama akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe, na aliyoyaona karibu na ofisi ya Taba.

Waendesha mashtaka wakaomba muda, wachunguzi wakarudi Taba, safari hii wakauliza na kusikiliza. Mwezi Juni 1997 hati ilibadilishwa, mashtaka ya ubakaji yakaongezwa, na wanawake wengine wakaja Arusha kutoa ushahidi wao. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hilo na mahakama ya kimataifa. Katika hukumu hiyo, kwa mara ya kwanza, majaji walitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.